Kwikwi ya 1907: Jamaa Aliimba Kilio Kabla Hakijamkuta

Saa sita usiku. Bando lipo, chaji ipo, ila moyo haupo sawa. Unachomeka hedifoni unatafuta wimbo wa kukusaidia kulia, na hauutaki wa kukufariji. Unataka ule ambao mwimbaji anaonekana ameumia kama wewe, tena ikiwezekana zaidi yako. Ukiusikia unasema moyoni: huyu jamaa haigizi, haya yamemkuta.

Leo nataka tuongelee wimbo mmoja wa aina hiyo, na ninakuonya mapema kwamba ni wa kizee kweli kweli. Umerekodiwa Machi 1907. Ukiuwasha, kitu cha kwanza unachosikia ni mkwaruzo kama mtu anakaanga vitumbua chumba cha pili. Halafu inaingia okestra inayosikika kama imefungiwa kabatini. Wengi hapo ndo wanacheka na kuzima. Usizime. Ngoja sauti ya mwanaume iingie, halafu tuongee.

Mwanaume mwenyewe ni Enrico Caruso, Mwitaliano, mwimba tenori. Mliokulia kwaya mnaijua kama sauti ya tatu. Wimbo unaitwa Vesti la giubba, kutoka opera ya Pagliacci. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wameusikiliza, wamelia, halafu wakasema kitu kile kile: pale mwishoni analia kweli, mke alimkimbia.

Stori tamu. Tatizo ni kalenda. Tutafika huko.

KWANZA, JAMAA NI NANI?

Caruso alizaliwa Napoli tarehe 25 Februari 1873, familia ya watu wa kawaida kabisa. Baba alikuwa fundi wa kazi za chuma. Mtoto aliimba kanisani, na alipofika miaka 15 mama yake akafariki. Akaendelea kuimba kanisani na popote palipokuwa na chochote cha kulipwa. Inasimuliwa kwamba moja ya picha zake za kwanza za kisanii alipiga akiwa amejifunika shuka begani kama toga ya Kirumi, kwa sababu shati lake la pekee lilikuwa limefuliwa na halijakauka. Wasanii mnaoazima nguo za kufanyia video, mnaona hamjaanza nyinyi.

Alianza jukwaa la opera mwaka 1895 hapo hapo Napoli. Miaka michache baadaye alikuwa anaimba La Scala ya Milan, ukumbi ambao ukiimba na ukakubalika, basi umetoboa. Ila aliporudi kuimba nyumbani, kwenye ukumbi mkubwa wa San Carlo, mwishoni mwa 1901, mapokezi hayakuwa yale aliyoyategemea. Jamaa aliumia. Akaapa kwamba Napoli hataimba tena, atakuja kula tu. Na kweli, hakuimba tena pale mpaka anakufa. Nabii kwao hana heshima, mnaujua msemo.

CHUMBA CHA HOTELI, APRILI 1902

Sasa angalia bahati inavyotembea. Miezi michache baada ya kisirani cha Napoli, kuna jamaa wa Marekani anaitwa Fred Gaisberg anazunguka Ulaya na mashine. Kazi yake: kurekodi sauti za watu kwa niaba ya kampuni ya gramafoni ya London. Kipindi hicho gramafoni ilikuwa inaonekana mchezo wa watoto. Waimbaji wakubwa walikuwa wanaidharau, yaani kuingiza sauti yako kwenye kile kidude ilikuwa kama kujishusha hadhi.

Gaisberg akamsikia Caruso Milan, akachanganyikiwa. Bei ikapangwa: pauni 100 kwa nyimbo 10. Gaisberg alisimulia baadaye kwamba aliuliza makao makuu London wakamjibu hela ni nyingi mno, usirekodi. Akarekodi hivyo hivyo. Tarehe 11 Aprili 1902, kwenye chumba cha hoteli moja kubwa ya Milan, ile ile ambayo mtunzi Giuseppe Verdi alikuwa amefia mwaka mmoja kabla, Caruso akaimba nyimbo zote 10 kwa kikao kimoja. Mpiga piano, mwimbaji, mashine, basi.

Zile santuri zilienda kama maandazi ya asubuhi. Watu ambao hawajawahi kukanyaga ukumbi wa opera wakawa na opera sebuleni. Na wale waimbaji waliokuwa wanadharau, wakaanza kuulizia foleni inaanzia wapi.

Vesti la giubba haikuwemo kwenye zile 10. Aliirekodi kwa mara ya kwanza Novemba mwaka huo huo, kwa piano. Akairudia New York mwaka 1904, piano tena. Halafu Machi 1907 akairekodi kwa mara ya tatu, safari hii na okestra, kwa kampuni ya Victor ya Marekani. Hii ya tatu ndo tunayoiongelea.

WIMBO UNASEMA NINI?

Ili uelewe kwa nini watu wanalia, lazima ujue stori.

Pagliacci imetungwa na Ruggero Leoncavallo, ikaonyeshwa mara ya kwanza Milan tarehe 21 Mei 1892. Ni stori ya kikundi cha maigizo kinachozunguka vijijini kusini mwa Italia. Kiongozi wao ni Canio. Kwenye igizo lao yeye hucheza mchekeshaji ambaye mke wake anamcheat, na watu wanavunjika mbavu. Nje ya jukwaa ana mke wa kweli, Nedda, anayeigiza pamoja naye.

Siku ya onyesho, jioni inakaribia, watu wameshaanza kufika, Canio anagundua Nedda ana bwana mwingine. Si tetesi, anawafuma. Bwana anakimbia, jina lake halijui. Anamkaba mke amtaje, mke anagoma. Wenzake wanamtuliza: bosi, muda umefika, watu wanasubiri, vaa.

Hapo ndo wimbo unapoanza. Mwanaume amebaki peke yake na kioo, poda na nguo ya mchekeshaji. Ana dakika chache ajipake uso mweupe, atoke, akawachekeshe watu kwa stori ya mume anayesalitiwa. Yaani akaigize msiba wake mwenyewe kama komedi, kwa sababu watu wameshalipa.

Usome tena hiyo sentensi. Halafu fikiria mara ngapi umeamka umevurugwa, ukanawa uso, ukaenda kazini ukasema "niko poa." Wimbo huu haumhusu tu mwimba opera. Unamhusu yule dada wa mapokezi, konda, mwalimu wa chekechea, MC wa harusi ambaye ndoa yake imevunjika Jumanne na Jumamosi anatakiwa aseme "vigelegele kwa bwana harusi!"

Leoncavallo alisema stori hii aliitoa kwenye kesi ya kweli ya mauaji ambayo baba yake, aliyekuwa hakimu, aliishughulikia huko Calabria. Kesi hiyo ya 1865 ilikuwepo kweli, aliuawa mtumishi wa familia yao, ingawa maelezo ya mtunzi na kilichotokea hayafanani kila kitu. Na hii ndo ilikuwa fasheni ya opera wakati ule Italia: achana na wafalme na miungu, leta watu wa kawaida, wivu wa kawaida, visu vya kawaida.

KUIMBIA BOMBA LA BATI

Mwaka 1907 hakukuwa na maiki studio. Kurekodi kwa umeme kulianza 1925, Caruso ameshakufa miaka minne. Kulikuwa na bomba pana lenye umbo la koni, kama tarumbeta kubwa. Unaimbia mdomo mpana wa bomba, sauti inasukuma kijiwambo mwisho wa bomba, kijiwambo kinatikisa sindano, sindano inachora mfereji kwenye sahani ya nta inayozunguka. Nguvu yote ya kuchora inatoka kifuani mwako.

Ukiimba taratibu sana, sindano haichori kitu. Ukipiga noti kubwa ukiwa karibu, inaruka na sahani inaharibika. Kwa hiyo mwimbaji alikuwa anasogea mbele kwenye noti ndogo na kurudi nyuma kwenye noti kubwa, huku anaimba. Wapigaji nao walibanwa kuzunguka lile bomba kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi. Violini za kawaida zilikuwa hazisikiki vizuri, kwa hiyo studio nyingi zilitumia violini maalumu zenye tarumbeta ya chuma ubavuni. Majina ya wapigaji wale hayakuandikwa kwenye lebo ya santuri. Jina kubwa lilikuwa moja tu.

Hakuna kukata na kuunganisha. Hakuna kunyoosha sauti kwa kompyuta. Ukikohoa dakika ya tatu, mnaanza upya na nta mpya. Na nafasi ni upande mmoja tu wa santuri, dakika nne na kitu, basi. Tena santuri hizo za lebo nyekundu za Victor, upande wa pili ulikuwa mtupu kabisa. Unanunua wimbo mmoja.

Sasa niambie: kwenye mazingira hayo, mtu anahesabu hatua za kwenda mbele na kurudi nyuma, amebanwa na watu, anachunga asiharibu nta, unaamini alikuwa "amesahau yuko studio akaanza kulia"?

SIKILIZA HIVI

Nimeusikiliza huu wimbo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Nikushauri jinsi ya kuusikiliza.

Mwanzoni haimbi sana, ni kama anaongea. Hii ni sehemu ya kabla ya wimbo wenyewe, anajishangaa anaendaje kuigiza na hali hii. Kuna kicheko hapo. Sikiliza kile kicheko vizuri, hakina furaha hata tone. Ni cheko la mtu aliyesoma meseji kwenye simu ya mwenzake.

Halafu melodi inaanza, na anaianza chini, taratibu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati. Caruso alikuwa na sauti ya tenori yenye kiza chini yake, nzito kidogo, karibu na ya wanaume wa sauti ya nne. Hiyo ndo iliyompa bahati na lile bomba la bati: sauti za juu sana za wanawake zilitoka nyembamba, za chini sana zilipotea, yake ikaingia sawasawa katikati.

Kisha sehemu ile ambayo hata usiyejua Kiitaliano unaijua, pale melodi inapopanda. Watu wanadhani ni noti ya juu ajabu. Wala. Noti ya kilele ni La tu, tenori wengi wanaifikia, si ile Do ya juu wanayopigiana makofi. Kinachokuumiza ni namna anavyoifikia. Anavuta pumzi moja ndefu na kuipandisha sauti bila kuikata, halafu akifika juu haachii haraka, anaikalia kama mtu aliyekalia kaa la moto na hataki watu wajue.

Na mwisho, kwikwi. Sekunde chache tu. Sauti inavunjika, okestra inamalizia.

Hiyo kwikwi ndo iliyojenga hadithi yote. Baada ya Caruso, tenori kibao waliichukua. Wengine wakaiongezea chumvi mpaka ikawa kilio cha msibani, wanagaragara. Ukilinganisha, yake ni fupi na ina adabu. Analia kama mtu anayejitahidi asilie, na kila aliyewahi kuzika anajua kwamba huyo ndo anayekutoa machozi, kuliko anayepiga mayowe.

SASA TUJE KWENYE UMBEA

Caruso alikuwa na mwanamke anaitwa Ada Giachetti, mwimbaji wa soprano. Hawakufunga ndoa, Ada alikuwa tayari mke wa mtu na Italia ya wakati ule haikuwa na talaka. Ila waliishi kama mke na mume na wakazaa watoto wa kiume. Ada alikuwa mwimbaji anayejulikana, na alimsaidia sana Caruso kukua kisanii.

Ada aliondoka. Na aliondoka na dereva wa Caruso. Ndiyo, dereva. Magazeti yalikula na kusaza, na mambo yaliishia mpaka mahakamani Milan.

Sasa unaona kwa nini watu waliunganisha nukta. Mwanaume kaimba wimbo wa msanii aliyesalitiwa na mke ambaye ni msanii mwenzake, na yeye mwenyewe amesalitiwa na mke msanii mwenzake. Kwikwi ile ni ya kweli! Kesi imefungwa!

Ila angalia tarehe. Santuri ni Machi 1907. Ada aliondoka 1908.

Yaani siku anaimba ile kwikwi mbele ya bomba la bati, nyumba yake ilikuwa bado haijavunjika. Hakuwa anatoa la moyoni kuhusu Ada. Alikuwa mwanaume wa miaka 34, kazini, anajua kila pumzi anaiweka wapi. Alijenga kilio kama fundi anavyojenga ukuta.

Najua baadhi yenu mmeumia kidogo hapo. Mimi pia niliumia. Nilikuwa miaka yote nimeamini, na nilipokaa nikapanga tarehe kwenye karatasi nilijisikia kama nimetapeliwa. Halafu nikajiuliza: nimetapeliwa na nani? Caruso hajawahi kuniambia analia kwa ajili ya Ada. Ni mimi niliyetaka iwe hivyo.

Na hapa ndo opera yenyewe inatupiga kofi. Unajua Pagliacci inaishaje? Canio anatoka jukwaani na uso umepakwa, anaanza komedi, katikati anashindwa. Anaacha kuigiza, anamdai mke jina la yule bwana, mbele ya watu. Na wanakijiji waliokaa pale wanafanya nini? Wanafurahia! Wanaona jamaa anaigiza vizuri sana, kama kweli vile. Wanakuja kushtuka wakati kisu kimeshaingia, Nedda kafa, na bwana aliyejitokeza kumwokoa naye kafa.

Leoncavallo ametuweka sisi kwenye zile benchi. Sisi tunaosema "hii ni hisia kweli, sio kuigiza," huku tunaongeza sauti.

MWAKA 1908 ULIPOFIKA

Kinachoniumiza mimi kwenye hii stori ni kilichofuata. Ada ameondoka, dunia nzima inajua, na Canio ilikuwa moja ya nafasi ambazo watu walimlilia sana Caruso aziimbe. Hakuiacha. Msimu baada ya msimu alirudi kwenye kile kioo cha jukwaani, poda, nguo, melodi inapanda, kwikwi. Mbele yake ukumbi umejaa watu wanaojua habari za dereva.

Tarehe 13 Januari 1910, mvumbuzi Lee de Forest aliweka vifaa vyake vya majaribio ndani ya ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, akarusha opera kwa redio. Caruso alikuwepo, anaimba Pagliacci. Waliosikia walikuwa wachache, kwenye meli bandarini na sehemu chache mjini zenye vifaa, na sauti ilikuja inakatika katika. Ila ndo hivyo: miongoni mwa sauti za kwanza kabisa za opera kupita hewani ilikuwa ya yule mchekeshaji.

Kwa hiyo tukitaka kusema kweli, wimbo haukuiga maisha yake. Maisha yake ndo yaliyoukuta wimbo umeshakaa pale, unamsubiri.

DESEMBA 1920

Metropolitan alikuwa ameanza kuimba tarehe 23 Novemba 1903. Ukumbi mmoja huo tu alipanda jukwaani zaidi ya mara mia nane. Alioa mwaka 1918, Mmarekani anaitwa Dorothy Park Benjamin, wakapata binti. Mambo yalikuwa yametulia.

Tarehe 8 Desemba 1920 alikuwa Canio tena, na maumivu makali ya ubavu yakamshika jukwaani. Siku tatu baadaye, Brooklyn, akiimba opera ya kuchekesha, L'elisir d'amore, akaanza kutema damu mbele ya watu. Akawa anafuta mdomo kwa leso, leso ikijaa damu anapewa nyingine kutoka pembeni mwa jukwaa, na anaendelea kuimba. Watu kwenye viti walikuwa wanamwomba aache. Tendo la kwanza lilipoisha, onyesho likasimamishwa.

Angekuwa ni Canio, ungesema mtunzi katia chumvi.

Na hakuacha hapo. Alipanda tena mara kadhaa mwezi ule. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa tarehe 24 Desemba. Siku ya Krismasi akaanguka kwa maumivu. Ilikuwa maambukizi yaliyojaza usaha kifuani, na dawa za kuua bakteria zilikuwa bado hazijavumbuliwa. Akapasuliwa, akapasuliwa tena. Mei 1921 wakamrudisha Italia. Alifia Napoli, mji alioapa hatauimbia, tarehe 2 Agosti 1921. Alikuwa na miaka 48.

Zamani nilikuwa nikiisoma hii sehemu kama stori ya ushujaa. Siku hizi sioni hivyo. Naona mtu ambaye alijifunza vizuri mno somo la wimbo wake: watu wamelipa, vaa, toka. Na naona ukumbi wa Brooklyn ambao, tofauti na wanakijiji wa kwenye opera, walijua tofauti ya damu na poda na wakasema basi, inatosha. Wale ndo mashabiki ninaotamani tuwe.

SANTURI HAIKUFA

Sauti ilibaki. Kuanzia 1932 kampuni ya Victor ilichukua baadhi ya santuri zake za zamani na kuzirekodia okestra mpya juu yake, marehemu anaimba na wapigaji ambao hajawahi kuonana nao. Miaka ya 1970 mhandisi wa Marekani, Thomas Stockham, alitumia kompyuta kuondoa ule mlio wa bomba la bati, na mwaka 1976 zikatoka santuri za Caruso zilizosafishwa kwa njia hiyo. Kabla hujashangaa programu za siku hizi zinazotenganisha sauti na biti, jua kwamba mmoja wa watu wa kwanza kufanyiwa usafi wa kompyuta ni huyu mzee wa 1907. Mwaka 1975 santuri yenyewe ilishaingizwa kwenye orodha ya heshima ya Grammy.

Na melodi imeendelea kuzurura. Wimbo wa Queen wa 1984, It's a Hard Life, unafungua kwa melodi hii hii. Kwenye filamu ya The Untouchables ya 1987, Robert De Niro akiwa Al Capone amekaa opera anatokwa na machozi kwa wimbo huu, analetewa taarifa kwamba mtu wake ameshaua, na tabasamu linatokea katikati ya machozi. Muongozaji alielewa kitu: kulia kwa ajili ya wimbo hakumfanyi mtu awe mwema. Unaweza kulia kwa ajili ya Canio na bado ukawa katili kwa aliyeko sebuleni kwako.

NA HUKU KWETU?

Usidhani haya ni ya wazungu peke yao. Kampuni iliyomrekodi Caruso hotelini Aprili 1902 ndiyo iliyomtuma Gaisberg huyo huyo India, na Novemba mwaka ule ule akamrekodi Gauhar Jaan kule Calcutta. Kazi ikaendelea, tawi la India likakua, na mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake wakavuka bahari kutoka Unguja mpaka Bombay kurekodi taarab kwa kampuni hiyo hiyo, ile ya lebo yenye mbwa anayesikiliza gramafoni. Mbwa yule yule wa kwenye santuri za Caruso.

Na wasikilizaji wa taarab wana akili moja ambayo naipenda sana. Shabiki akiinuka kwenda kumtunza mwimbaji, hafuatilii kama mwimbaji ameachwa au hajaachwa. Anainuka kwa sababu wimbo umemsema yeye, au umemsema mtu aliyekaa meza ya pili! Mwimbaji amebeba ujumbe, mwenye maumivu ni aliyeinuka. Hakuna anayemdai mwimbaji alete ushahidi wa machozi.

Sisi wa simu tumepoteza hiyo. Msanii akitoa wimbo wa huzuni, kabla hata hatujamaliza kuusikiliza tunauliza ni wa nani, kaachwa na nani, kafiwa na nani. Asipojibu tunasema anatafuta kiki. Akijibu tunataka video anayolia. Akilia kweli mpaka akaumwa, tunaandika "pole" na kushuka kwenye posti inayofuata. Tumerudi kwenye benchi za wale wanakijiji.

Nikiusikiliza wimbo wa Caruso leo, nikijua kwamba Ada alikuwa bado yupo nyumbani, kwikwi haijapungua nguvu hata kidogo. Nasema kweli, imeongezeka. Mtu ambaye hajaachwa alikaa, akafikiria mpaka mwisho inakuwaje kuachwa, akaitafutia pumzi, akaichora kwenye nta ili mimi na wewe tuliochwa tuwe na mahali pa kulilia. Huo si uongo. Hiyo ni kazi, na ni zawadi pia.

Kwa hiyo usiku ukifika, ukiwa na bando na moyo haupo sawa, itafute. Andika Caruso, Vesti la giubba, 1907. Vumilia mkaango wa vitumbua. Ukifika mwishoni, pale sauti inapovunjika, usiulize alikuwa anamlilia nani.

Wewe unajua ulikuwa unamlilia nani.